Uyoga Ulioung'oa na Udongo Wake

Kwale, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Mwanasiti,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii ilitakiwa iwe mkononi mwako tangu masika yalipokwisha, nami nimekaa nayo moyoni hadi leo, siku ya mwisho, nguo zako zimekwisha kufungwa na shangazi yako amekuchukua mkaage majirani. Nimepata nafasi kwa sababu Zuhura amelala. Akiamka nitaandika naye mgongoni, basi ukiona mwandiko umekwenda upogo, ndiye yeye.

Sitakwambia uamkie wakubwa, wala uamke mapema. Hayo unayo. Mambo ya Vanga, mbu wa mikokoni na visima vya maji ya chumvi, shangazi yako atakueleza, yeye ni mwenyeji. Mimi nina neno moja tu, nalo naliweka hapa mwanzo ili hata ukiichana barua kwa hasira uwe umelisoma. Hukumuua ndugu yako. Uyoga uliomuua Saidi haukutoka katika kikapu chako. Ulitoka katika changu.

Soma tena. Halafu endelea, maana najua hutaniamini kwa maneno matupu. Wewe ni mtoto wa kutaka kuona.

Najua kwa nini unaondoka. Shangazi yako aliposema, "Kaka, nipe huyu mtoto nikakae naye, nyumba yangu imekuwa kimya mno," baba yako alikutazama, nawe ukajibu, "Nitakwenda," kabla mwenyewe hajameza chai yake. Akacheka. "Mbona una haraka hivyo, we mtoto? Hata nguo hujaulizwa!" Mimi nami nikacheka. Kisha nikaingia jikoni kupuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Hukunitazama hata mara moja, Siti. Hilo ndilo lililonimaliza.

Unadhani sikuona? Tangu matanga yalipoanuliwa hujatia mkono wako chunguni. Maji utateka, kuni utaleta, utatwanga mpaka viganja viote malengelenge, lakini chakula hukigusi. Zuhura akikulilia umlishe uji, kijiko wanitilia mimi mkononi. Wangoja watu waanze kula, wawatazama usoni, ndipo na wewe ule. Nami nikitaja jina la Saidi washika ndoo na kwenda kisimani, hata kama mtungi umejaa hadi shingoni. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo, mwanangu, Mungu anajua. Nimekuandama hadi kisimani. Ukaniambia, "Mama, jua kali, mtoto ataungua," ukanipita.

Basi nakuandikia. Karatasi haina pa kupitwa.

Siku ile ya matanga nakumbuka ulivyosimama mlangoni na sinia la vikombe. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani, na mmoja, simtaji maana naye ameshatangulia mbele ya haki, akauliza, "Kwani nani aliyeuchuma?" Mwingine akajibu, "Si alikwenda na yule mtoto? Mtoto ajua nini? Hung'oa kila alionalo." Shangazi yako akasema, "Mwacheni. Mtoto ni mtoto. Mungu ndiye aliyeandika." Alikusudia wema. Lakini macho yote yalikugeukia, na vikombe vikaanza kulia juu ya sinia.

Na mimi, mama wa wote wawili, nilinyamaza. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Nilijivuta leso usoni. Miaka hii yote nimejiambia kwamba nalikuwa nimechoka, kwamba mwenye kufiwa hana ulimi. Uongo. Nilinyamaza kwa sababu palikuwa na sauti ndogo ndani yangu iliyopumua ikasema, afadhali si mimi. Nimeishi na sauti hiyo. Ni mbaya kuliko njaa.

Sasa nikueleze nilivyojua.

Unajua mimi si mtu wa huku juu. Nimezaliwa Msambweni, na mama yangu alinipeleka mwambani maji yakikupwa, nikiwa mdogo kuliko Zuhura atakavyokuwa mwakani. Pale kuna matumbawe ya kila namna. Kuna yenye matawi kama pembe za paa, kuna yaliyosimama kama vidole, kuna ya mviringo kama kichwa cha mtu aliyenyolewa. Mama alikuwa akisema, "Wewe yote waita mawe. Kila moja lina ukoo wake." Nilipoletwa huku bibi harusi, masika ya kwanza mama mkwe wangu, marehemu bibi yako, akanichukua msituni. Nikaona uyoga umechomoza katika majani yaliyooza, una matawi, una ncha, matumbawe matupu. Nikacheka kwa sauti. "Mama, bahari imepanda mlimani!"

Hakucheka. "Punguza sauti. Hapa hapachekwi."

Ndipo akanifundisha. Shika tawi, vunja juu ya udongo, shina liache. "Shina si lako. La mwenye msitu. Ukiling'oa, mwakani utakuta udongo mtupu." Nikalishika neno hilo kama nguzo ya dini. Nalikuwa mgeni, Siti. Walikuwa wakinitania kwamba watu wa chini wajua samaki tu, hata mhogo huumenya kama wanaparuza magamba. Nilitaka siku moja wasahau kwamba nimeletwa. Kwa hiyo nilivunja kama alivyovunja yeye, na nilipokuwa nakwenda na wewe, nilikufundisha hivyo hivyo.

Nawe hukufundishika. Vidole vyako vilikuwa vidogo, ukavipenyeza chini ya uyoga, ukautoa mzima, na udongo, na majani, na mdudu wake mmoja au wawili.

"Siti! Nimesema mara ngapi? Shina liache!"

"Lakini mama, ukiuvunja unakufa. Huu wangu bado mzima."

Nikakupiga kibao cha mkono. Hata siku ile nilikupiga. Nataka ukumbuke kile kibao, maana ndicho ushahidi wako.

Siku ile tulikwenda njia mbili. Wewe ulishuka upande wa chemchemi ambako nilikuona vizuri, mimi nikapanda kwenye gogo la mvule ulioanguka. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, uyoga wote umelowa, wote una rangi moja ya mkeka wa zamani. Nyumbani nikamwaga kikapu changu uteoni. Matawi matupu, masafi, ya kupendeza. Kisha nikamwaga chako. Matope! Nikakaa na kisu, nakata shina moja moja huku nanung'unika, natupa nyuma ya jiko, na kuku wanachakura. Wewe umekaa kizingitini umevimba mashavu, Saidi anakuvuta kisuto akitaka ucheke.

Siti, nisikilize. Niliyakata yote. Kila shina lililotoka kikapuni mwako lilipita katika vidole hivi ninavyoandikia. Na yote yalikuwa meupe. Meupe kama nazi iliyokunwa, na nilipoyaminya kuondoa matope yalibaki meupe. Naliona kwa sababu ya hasira tu, kwa kuwa tope juu ya cheupe humchukiza mtu mara mbili. Sikujua maana yake. Nikachanganya uyoga wako na wangu, nikatia tui.

Yaliyofuata unayajua. Sote tuliumwa, Saidi alikuwa mdogo, na mvua ilikuwa imekata njia ya kwenda hospitali. Siandiki zaidi. Mkono hautaki.

Masika yaliyofuata sikukanyaga msituni. Baada ya hapo nikaanza kwenda, nawe ukadhani naenda kuni. Sikuwa naenda kuni. Jirani yetu Mbodze ndiye aliyenifuma, nimepiga magoti nimepanga uyoga juu ya jani la mgomba kama mtu anayepanga bidhaa sokoni.

"Mama Siti, watu huchuma uyoga wale. Wewe wauchuma uutazame. Kwani ni mchumba, ataka kukuoa?"

"Akitaka nitaolewa. Uje upokee mahari."

Akacheka mpaka akashika mti. Kisha akaniangalia vizuri, akakaa chini, akanishikia kikapu. Tangu siku hiyo hakuniacha niende peke yangu, wala hakuniuliza tena.

Nilijifunza kuutenganisha, nami nakupa nilichokipata, maana macho yako ni mazuri kuliko yangu. Watu huuita wote uyoga wa matawi, basi. Si mmoja. Upo mweupe mfupi, ncha zake zimechanikachanika kama kishungi cha jogoo. Ukiulaza juu ya kaniki nyeusi na kuufunika bakuli, asubuhi utakuta umeacha vumbi jeupe kama unga. Upo unaoota juu ya gogo bovu tu, hauoti udongoni kamwe, na kila ncha yake huishia kikombe, kidogo sana, utadhani sisimizi wanywa kahawa. Huo ukiugusisha ulimi huwasha kama pilipili. Upo usio na matawi kabisa, umesimama kama vidole vya mtu aliyezikwa vibaya. Astaghafirullah, lakini ndivyo ulivyo.

Hiyo yote hainisumbui tena. Iliyonitoa machozi ni miwili ya njano. Ikiwa michanga mtoto yeyote ataitenga. Mmoja ni wa njano mwili mzima kama kiini cha yai. Mwingine hutoka ardhini wa waridi, rangi ya ufizi wa Zuhura, na ncha tu ndizo za njano. Lakini ikikua, na mvua ikiipiga, ule uwaridi huoshwa, na yote miwili inakuwa ndugu wa tumbo moja. Nilitazama vumbi lake, rangi moja. Nilinusa, sikupata kitu. Niligusisha ulimi nikatema. Mmoja una uchungu, lakini uchungu wenyewe huja umechelewa, umeshasema moyoni kwamba huu ni mzuri. Nilirudi nyumbani nalia, nawe ukaniuliza, "Mama, moshi?" Nikasema moshi.

Matawi hayakunipa jibu. Na mimi mkono wangu ulikuwa bado unavunja kwa juu, kwa mazoea, kwa heshima ya marehemu, shina nalipita. Mpaka masika haya. Nikamwomba radhi mwenye msitu, nikamwomba radhi bibi yako kaburini kwake, nikapenyeza vidole chini kama ulivyokuwa ukifanya wewe, nikautoa mzima.

Huko ndiko tofauti iliko, mwanangu. Huko chini, mahali tulipofundishwa tusipaguse. Ule mzuri shina lake ni jeupe, uliminye utakavyo litabaki jeupe. Ule mbaya shina lake nalo ni jeupe ukilitazama, lakini libonyeze kwa gumba, na kabla hujamaliza kusema bismillahi limegeuka hudhurungi, kama kidonda kilichoanza kukauka.

Nikashuka kwenye chemchemi, pale pale ulipochuma. Bibi yako alisema uking'olewa hauoti tena. Umeota, Siti. Umejaa. Hukuharibu kitu hata huko. Nikang'oa mmoja baada ya mmoja, nikaminya, mashina yote meupe, mpaka Mbodze akasema, "Basi, umetosheka." Nikamwambia bado. Nikapanda kwenye gogo la mvule, pale nilipoacha mashina kwa adabu yangu. Nikang'oa wa kwanza, nikabonyeza. Ukageuka. Wa pili, ukageuka. Sikubakisha hata mmoja. Nilikaa chini kwenye maji ya mvua.

"Umeona nini?" Mbodze akaniuliza.

"Nimeona mkono wangu."

Muulize. Yupo, na hajui kusema uongo, ndiyo maana watu wamkimbia.

Kikapu kilichokuwa safi siku ile ni kile kilichokuwa na matope. Nilikupiga kibao kwa kile ambacho, kama ningekifanya na mimi, Saidi angekuwa sasa anasumbua walimu wa chuo cha Kurani.

Utaniuliza, kama ulijua tangu masika, ulikuwa wangoja nini? Nilijiambia nitakwambia Ijumaa. Ijumaa ikaja, wewe ukacheka kitu na Zuhura, nikasema nisikuharibie cheko. Nyingine ikaja. Ukweli ni kwamba niliogopa utanitazama kwa jicho ninalojitazama nalo mimi. Na nilipokuwa nangoja, shangazi yako akaja, nawe ukasema nitakwenda. Ningalisema mapema, labda ungalikaa. Nazunguka na hilo jikoni kama kuku aliyekatwa.

Baba yako nimeshamwambia. Alipunguza utambi wa taa iliyoanza kufuka, kisha akasema, "Neno nimeshampa dada yangu, siwezi kulirudisha. Lakini mtoto asiondoke bila kujua." Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Kwa hiyo kesho, kabla hujapanda basi, nitasema. Mbele ya shangazi yako, mbele ya Mbodze, mbele ya kila mtu atakayekuwa amesimama pale barabarani na mizigo yake. Nitasema nililolinyamazia matangani, kwa sauti, na asiyesikia nitamrudilia. Nakusihi usinikimbie. Usijifanye unafunga mzigo. Simama tu, unipe huo muda mdogo. Barua hii nitaitia ndani ya gauni lako la buluu, ili hata sauti ikinikatika huko, maneno uwe nayo.

Sikuambii mila ya bibi yako ni mbaya. Alinipa alichopewa. Mimi ndiye niliyeipokea kama mgeni anavyopokea, bila kuuliza, nikitaka nipendwe. Wewe ulikuwa mwenyeji, ukauliza. Nilikuona mkaidi. Huko uendako utakuwa mgeni na wewe, nami naogopa jambo hili kuliko mbu na homa. Naogopa utanyamaza ili wakupende. Wanawake wa Vanga watakuonyesha kazi zao, nawe zifanye, lakini mdomo ule ulionijibu msituni usiuache huku kwangu. Mimi sikuutunza.

Na ukitaka kunichukia, nichukie. Una haki hiyo na nitaipokea, sitakuita mtoto mbaya. Lakini kujichukia mwenyewe kwa kosa langu, hilo sikuruhusu. Mimi ni mama yako, nimekukataza mambo mengi ya kipuuzi, hili si la kipuuzi. Pika, mwanangu. Tia mkono wako chunguni. Onja kwanza, kabla ya watu.

Zuhura ameamka. Anamtafuta mtu wa kumchukua, na anatazama mlangoni, si kwangu. Kesho sijui nitamwambia nini.

Nawasikia mnarudi, shangazi yako anacheka na Mbodze huko njiani. Naandika upesi. Dereva wa basi nimeshasema naye, atapokea mzigo wowote kutoka Vanga. Haya ndiyo ninayoyahitaji bado, unitumie:

Uzi uliokatwa sawa na unyayo wako, toka kisigino hadi gumba, fundi akushonee makubadhi. Haya uliyovaa yamekubana, nami nalijifanya sikuona.

Leso ya Saidi, ile yenye korosho. Shangazi yako aliichukua siku ya matanga akidhani ananipunguzia. Mwambie siidai kwa ugomvi. Nataka nimbebee Zuhura.

Chumvi ya huko, ya mawe, kopo dogo.

Mstari mmoja wa mkono wako, useme umepika nini na nani alikula.

Na masika yakianza, uyoga mmoja wenye matawi, ukiuona huko minazini. Mkavu, uliofungwa katika jani, haidhuru ukifika umekunjika. Usiuvunje. Ung'oe mzima, na shina lake, na udongo wake.